Mtungo wa Samaki na Mtungo wa Herufi

Naleta hoja mbele ya malenga na wapenzi wa lugha. Kile ambacho waandishi wa programu za kompyuta hukiita kwa Kiingereza "string", sisi tukiite mtungo. Na kitendo cha kuunganisha mitungo miwili ikawa mmoja, ambacho ndicho nitakachokizungumza zaidi hapa, tukifundishe kwa msamiati wa ushairi wetu. Sisemi hivi kwa kutaka kuipamba lugha. Nasema kwa sababu nimewaona vijana wenye akili njema wakikwama katika jambo ambalo bibi zao wanalijua kwa vidole.

Nianze na neno lenyewe. Kutunga ni kupitisha uzi katika vitu vilivyo mbalimbali hadi vikawa kitu kimoja chenye mpangilio. Tunatunga shanga, tunatunga asumini, tunatunga samaki, na tunatunga mashairi. Hapa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, mvuvi akirudi na changu au tasi wadogo huwapitisha ukuti mashavuni mmoja mmoja, na kinachotokea huitwa mtungo. Mtungo huuzwa mzima, hubebwa kwa ncha moja, na kila anayeushika anajua mambo mawili bila ya kufundishwa: kwamba samaki wamekaa kwa zamu, na kwamba pale mwisho pana fundo. Fundo lisipokuwepo, samaki wote wako mchangani.

Mwingereza naye hakufanya zaidi ya hayo. "String" kwao ni uzi tu, neno la jikoni na la dukani ambalo mtoto wa miaka minne analo. Mwanafunzi wao anapoambiwa kwamba herufi zimepangwa katika uzi, nusu ya somo amekwisha kuipata bure. Wetu anapoambiwa "stringi", anapata sauti bila ya picha. Mimi si adui wa maneno ya kukopa. Kompyuta, programu na intaneti yameingia nyumbani mwetu na yakae. Lakini kukopa neno ambalo maana yake tunayo tayari, tena kwa uzuri zaidi, ni sawa na kununua chumvi ilhali bahari iko mlangoni.

Wapo wanaopendelea "mfuatano wa herufi". Ni tafsiri sahihi lakini baridi. Mfuatano hauna fundo. Wapo watakaosema "tungo", ila wanasarufi wamekwisha kulichukua neno hilo kwa ajili ya neno, kirai, kishazi na sentensi, na tukilitumia hapa tutagombana nao kila siku. Na najua kwamba mtungo, katika lugha ya mitaa ya mijini, limepewa maana ya unyama ambao sitautaja. Jibu langu ni kwamba hatuwezi kuwaachia wahuni kamusi.

Sasa tuingie katika lugha ya C yenyewe, kwani ndiko ambako jambo hili limeachwa wazi kabisa bila ya pazia. Lugha hii iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu alichokiandika pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978 ndicho kilichoisambaza duniani. Zimepita lugha nyingi tangu hapo, lakini mifumo mikubwa inayoendesha kompyuta na simu zetu bado imesimama juu yake.

Katika C hakuna mtungo kama kitu cha peke yake. Kuna safu ya herufi: visanduku vilivyopangana katika kumbukumbu ya kompyuta, kila kisanduku baiti moja. Unaomba safu ya visanduku 160, unapewa 160, si 161. Ndani yake unaweka herufi, nafasi na vituo vya uandishi, na baada ya alama ya mwisho unaweka baiti yenye thamani ya sifuri. Sifuri hiyo haionekani kwenye kioo wala haichapwi karatasini. Kazi yake ni moja: kusema "hapa ndipo mwisho". Mimi ningeiita kituo, kwani neno hilo tunalo kwa alama inayofunga sentensi na tunalo pia kwa mshororo unaofunga ubeti.

Kwa nini sifuri? Palikuwa na njia nyengine. Lugha ya BCPL, ambayo ni babu yake C, iliweka idadi ya alama mwanzoni mwa mtungo, kwa hivyo kabla ya kusoma herufi ya kwanza unajua ziko ngapi. Ritchie ameeleza mwenyewe kwamba njia hiyo iliachwa kwa sababu hesabu iliyokaa katika nafasi ndogo iliuwekea mtungo mpaka wa urefu, na kwa sababu kuitunza hesabu kulionekana kuwa na usumbufu kuliko kuweka alama ya kumalizia. Wakachagua alama, wakatupa hesabu.

Hapo ndipo hoja yangu kuu ilipo. Mshairi wa Kiswahili anayefuata arudhi hajapata kuchagua kimoja kati ya viwili hivyo. Anavyo vyote: mizani, ambayo ni hesabu iliyowekwa kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na kina, ambacho ni alama ya kukuonesha kwamba kipande kimefika mwisho. Kina kikija kabla ya mizani kutimia, sikio linakataa. Mizani ikitimia na kina hakijafika, sikio linakataa vilevile. Kimoja ni shahidi wa mwenziwe. Mtungo wa C ni shairi lenye vina lakini halina mizani: linajua linavyoisha, halijui nafasi liliyonayo.

Nitaonesha kwa mfano. Huu ni ubeti wa tarbia niliouandika kwa ajili ya somo hili, juu ya mwani unaolimwa na kina mama wa pwani hii:

Bahari yatoa mwani, kwa kamba tulizofunga,
Maji yakijaa pwani, vigingi havitatanga,
Fundo likiwa makini, wimbi halitalizonga,
Kamba ikifika mwisho, hapana cha kuiunga.

Kwa mizani, mishororo yote ni sawasawa: 16, nane kwa nane. Ubeti mzima ni mizani 64, na hapana malenga atakayelalamika kwamba umezidi. Kwa visanduku vya kompyuta hesabu ni nyengine. Mshororo wa kwanza una alama 42, wa pili 40, wa tatu 41, wa nne 41, nafasi na vituo vikihesabiwa. Ongeza alama 3 za kurukia mstari mpya, jumla inakuwa 167. Ongeza kituo kisichoonekana, unahitaji visanduku 168. Mashine haijui silabi. Kwake "mbweha" ni alama 6 na "aua" ni alama 3, ingawa kwetu neno la kwanza lina mizani 2 na la pili lina mizani 3.

Tuseme kijana ameandika hivi:

char ubeti[160];
strcpy(ubeti, mshororo1);
strcat(ubeti, mshororo2);
strcat(ubeti, mshororo3);
strcat(ubeti, mshororo4);

Mstari wa kwanza umeomba visanduku 160. Wa pili umenakili mshororo wa kwanza ndani yake. Mistari mitatu iliyobaki inaunga. Tuangalie strcat inavyofanya kazi, maana ni jambo la kupendeza na la kutisha kwa pamoja. Inaanza kwenye kisanduku cha kwanza cha ubeti, inatembea kisanduku kwa kisanduku ikitafuta sifuri. Ikiipata inaifuta, na mahali pake inaweka herufi ya kwanza ya mshororo unaoingia. Kisha inaendelea kunakili hadi ikutane na sifuri ya mshororo huo, nayo inaiweka mwisho. Basi ili mtungo upokee mwengine, sharti upoteze kituo chake. Msomaji wa sarufi atatabasamu, kwani lugha yetu nayo inapounga hupoteza kitu pale pa kuungia: ki- na -angu vikawa "changu", ma- na -ino vikawa "meno", wa- na -ingi vikawa "wengi".

Kutokana na kanuni hiyo linazaliwa jambo jengine la ajabu. Mtungo hauwezi kuungwa na nafsi yake kwa strcat. Ukiamuru ubeti uungwe na ubeti uleule, kitendo cha kwanza ni kuifuta sifuri yake, na sifuri hiyohiyo ndiyo iliyokuwa itafutwe ili kunakili kukome. Kila hatua moja mbele, mwisho nao unasogea hatua moja. Kanuni za C zinasema wazi kwamba hali hiyo haina ahadi yoyote ya matokeo.

Turudi kwenye visanduku vyetu 160. Tunahitaji 168. Mishororo mitatu inaingia bila ya shida, wa nne unaanza kuingia, na herufi "k" ya neno "kuiunga" inakalia kisanduku cha mwisho kabisa. Bado kuna "uiunga", nukta, na kituo. Strcat haisimami. Haikupewa ukubwa wa safu, na hata kama ingetaka kuuliza hapana wa kumjibu, kwa sababu hesabu ilitupwa zamani. Inaendelea kuandika katika visanduku vinane vinavyofuata, ambavyo si vyetu.

Ni vya nani? Hapo ndipo penye hatari. Huenda ni vya safu nyengine iliyo jirani, na jina la mtunzi likageuka "uiunga." bila ya mtu kujua sababu. Huenda pamewekwa anwani ambayo programu hurudia inapomaliza kazi yake ndogo, na anwani ikiharibika programu huanguka. Na anayejua kuandika kwa ustadi anaweza kuitia humo anwani aitakayo yeye, programu ikamtumikia mgeni. Tarehe 2 Novemba 1988, kirusi kilichotungwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, kilienea katika maelfu ya kompyuta. Moja ya njia zake ilikuwa ni kumimina maandishi marefu katika safu ya visanduku 512 ya programu iliyotumia gets. Gets ni ndugu wa strcat kwa tabia: nayo husoma na kuandika bila ya kuuliza nafasi. Mwaka 2011 iliondolewa kabisa katika kanuni rasmi za C. Strcat ingalipo.

Wakulima wa mwani wasingeelewa uvumilivu huu. Shamba la mwani ni kamba zilizofungwa baina ya vigingi, na kila mmoja anajua kigingi chake kinaishia wapi. Kamba ndefu kuliko nafasi haifungwi hadi ikatwe au kigingi kisogezwe, kwa sababu ikivuka italala juu ya mwani wa mwenzake na maji yakijaa zitasagana zote mbili. Hupima kwanza, ndipo hufunga.

Nawaomba radhi wenzangu wa upande wa mashairi huru kwa nitakalolisema sasa, kwani sitaki kuufufua ugomvi uliotuchosha. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, pande mbili zilipatikana, na mimi nimezisoma zote kwa faida. Shairi lisilo na mizani linaweza kuwa zuri, maana anayelipima ni msomaji, naye ana akili ya kusamehe na kufasiri. Mashine haina akili hiyo. Mwenye kuandika C ni mshairi wa mapokeo atake asitake, na mizani asiyoihesabu yeye hapana mwengine wa kumhesabia.

Zana za kuhesabu zipo, ila nazo zataka hadhari. Ya kwanza ambayo vijana huikimbilia ni strncat, kwa kuwa inapokea nambari. Wengi hudhani nambari hiyo ni ukubwa wa safu inayopokea. Sivyo. Ni idadi ya juu kabisa ya alama zitakazochukuliwa kutoka mtungo unaoingia, na kituo huongezwa juu yake. Akiandika 160 kwa kuwa safu yake ni ya 160, hakujilinda na chochote. Kwa maoni yangu zana inayofanana na usalama bila ya kuwa usalama ni mbaya kuliko ile iliyo wazi kwa ubaya wake. Bora ni strlcat, iliyoandikwa na Todd Miller na Theo de Raadt wa mradi wa OpenBSD mwaka 1998: hii hupewa ukubwa mzima wa safu, haivuki, na hukurudishia urefu ambao mtungo ulitaka kuwa nao. Ilichukua miaka 26 hadi ikakubaliwa katika kiwango cha POSIX mwaka 2024. Ipo pia snprintf, ambayo huunga mishororo yote minne kwa amri moja na kukwambia ungehitaji alama ngapi. Kwa ubeti wetu ingejibu 167, na mwandishi aliyeuliza kwa safu ya 160 angejua papo hapo kwamba amepungukiwa.

Angejua, iwapo angesoma jibu. Asiposoma, snprintf inajaza alama 159, inaweka kituo, na kuondoka kwa adabu. Sikuupanga ubeti kwa hila, lakini hesabu imetoka hivi: alama nane zinazokatwa ni neno "kuiunga" pamoja na nukta yake. Mshororo wa mwisho unabaki "Kamba ikifika mwisho, hapana cha". Jirani amesalimika, shairi limekufa. Watu wa usalama wa kompyuta hulihesabu jambo hili kuwa ni ushindi, na kwa upande wao wana haki. Sisi tunajua kwamba kukata si kupunguza. Malenga aliyezidisha mizani hufanya inkisari: hulifupisha neno kwa namna ambayo maana yake inabaki, na aliyepungukiwa hufanya mazida. Yote mawili hufanywa na mtu anayeelewa anachokigusa. Mkato wa snprintf ni wa upanga uliofumba macho.

Kuna gharama ya aina nyengine, isiyoharibu kitu ila inapoteza muda. Nilisema strcat huanza kutembea kutoka kisanduku cha kwanza. Hufanya hivyo kila mara, hata kama sekunde iliyopita ilikuwa imesimama pale mwishoni. Chukua utenzi wa beti 1,000, kila ubeti alama 80. Maandishi yote ni alama 80,000. Ukiziunga beti hizo moja moja kwa strcat, hatua za kuutafuta mwisho peke yake zinakaribia milioni 40. Mtunzi wa pindu asingekubali upuuzi huo. Katika pindu, au mkufu kama wengine wanavyouita, ubeti mpya huanza na maneno yaliyoufunga ubeti uliopita. Mtunzi hukishika kipande cha mwisho mkononi na kukiendeleza kutoka hapohapo, bila ya kurudi kusoma kutoka ubeti wa kwanza. C nayo inayo njia hiyo. Kazi iitwayo stpcpy, iliyoingia katika POSIX mwaka 2008, hunakili na kukurudishia anwani ya kituo, ili unakili mwengine papo hapo. Strcat hukurudishia anwani ya mwanzo, ambayo ulikuwa nayo tangu asubuhi. Mimi ninapofundisha huziita strcat na stpcpy kuwa ni muungo wa kurudi mwanzo na muungo wa pindu, na sijawahi kulazimika kueleza mara ya pili.

Nimesema kila kisanduku ni baiti moja, na kwa ubeti wangu hilo linatosha, kwa kuwa herufi za Kilatini tunazoziandikia zote zimo katika baiti moja moja. Isipokuwa kitu kimoja kidogo. Andika "ng'ambo". Ukitumia alama iliyonyooka, ni baiti moja. Lakini simu na programu nyingi za kuandikia hupenda kuigeuza ikawa ile iliyopinda, na alama hiyo iliyopinda, katika mfumo wa UTF-8 unaotumika sana siku hizi, ni baiti 3. Jicho halioni tofauti. Strlen, inayohesabu urefu wa mtungo, inaiona. Na mkato ukiangukia katikati ya baiti hizo 3, msomaji anapata alama isiyo na maana katikati ya neno.

Malenga wanaojibizana kwa ujumbe mfupi wa simu wamekwisha kulipia jambo hili. Ujumbe mmoja hubeba alama 160, na ukizidi hugawanywa katika sehemu za 153. Ubeti wangu wa 167 ungekuwa sehemu 2. Alama iliyopinda haimo katika alfabeti ya kawaida ya ujumbe huo, kwa hivyo ikiingia hata mara moja, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo: kiwango kinashuka hadi alama 70, na 67 kwa kila sehemu ukigawanywa. Ubeti uleule, kwa ajili ya "ng" moja, unakuwa sehemu 3. Kwa hati ya Kiarabu, ambayo tungo zetu za kale ziliandikiwa, ni hivyo tangu herufi ya kwanza, na katika UTF-8 kila herufi yake huchukua baiti 2. Waliosoma chuoni wanajua kwamba katika hati hiyo herufi hubadili umbo zinapoungana. Katika safu ya visanduku hazibadiliki hata kidogo; kuunga kwa umbo ni kazi ya mchoraji wa kioo, na strcat haina habari nayo.

Nimefika kwenye muungo unaoniudhi kuliko yote, nao si kosa la kumbukumbu bali ni kosa la sarufi. Programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimejengwa kwa kuunga vipande: jina la kitu, kisha kitenzi. Kwa Kiingereza kipande kimoja chenye maana ya "imefutwa" huungwa na jina lolote na hapana kinachoharibika. Kwetu inatoka "Kitabu imefutwa", "Ujumbe imefutwa", "Majina imefutwa". Kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, majina yamefutwa. Picha imefutwa ikiwa moja na zimefutwa zikiwa nyingi. Ngeli hupenya kutoka katika nomino hadi ndani ya kitenzi, na hapana strcat, iwe salama au isiwe salama, inayoweza kuupitisha upatanisho huo katika pengo la vipande viwili vilivyotafsiriwa mbalimbali na watu wasiojua vitakutana.

Dawa inajulikana. Mtafsiri apewe sentensi nzima yenye nafasi ya kujazwa, asipewe vipande. Kila aina ya kitu iwe na sentensi yake. Na pale penye vitu viwili vya kujazwa nafasi zipewe nambari, kama mifumo ya POSIX inavyoruhusu, ili Kiswahili kiweze kutanguliza nomino na kufuatisha idadi. Yote haya yanahitaji mwandishi wa programu aliyeionja ngeli. Anayejua C peke yake hataona kosa, na anayejua Kiswahili peke yake ataliona asijue linatoka wapi.

Ndiyo maana naona suala la istilahi ni zito. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa Uroa, basi, anakutana na sehemu ngumu kabisa ya elimu katika lugha asiyoiota usiku. Anajifunza strcat kama anavyojifunza uganga: maneno ya kutamka ili jambo litokee. Ikitokea kinyume, hana pa kushika. Si kwamba hawezi kufikiri. Amenyimwa vitu vya kufikiria navyo. Mtungo, kituo, mizani, inkisari, pindu: maneno matano ambayo skuli ilimpa katika kipindi cha ushairi na kumkataza kuyavusha hadi kipindi cha kompyuta.

Wataalamu wa istilahi katika mabaraza yetu, BAKIZA kwa hapa Zanzibar na BAKITA kwa Tanzania Bara, wanaweza kuyapima na kuyakataa. Wakikataa, watupe mengine yenye picha. Nadokeza pia safu kwa mpangilio wa visanduku, nafasi kwa ukubwa ulioombwa, urefu kwa alama zilizomo kabla ya kituo, na mfuriko kwa alama zilizovuka nafasi. Nafasi na urefu yasichanganywe kamwe. Ajali nyingi nilizoziona zilitoka hapo.

Ubeti wangu wa mwani niliwapa vijana wawili wa hapa kijijini, walio likizoni kutoka chuo, waunge mishororo yake. Mmoja alirudi siku ya pili.

"Mwalimu, umezidi nafasi kwa nane. Nifanyie inkisari kwenye mshororo wa mwisho, uingie."

Nikamwuliza nane hizo amezipataje. Akazihesabu kwa vidole, herufi sita, nukta moja, akasita kwa kuwa moja ilikuwa bado haina pa kukaa, kisha akaitaja mwenyewe: kituo. Jumla ikawa 168 dhidi ya 160. Nikamwambia mshororo ubaki ulivyo, aongeze safu.

"Niongeze hadi mia mbili?"

"Hadi mia na sitini na nane."